Maandishi ya Kisomi na Maandishi ya Nyumbani: Kila Moja na Deni Lake

Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na kila maandishi huenda kwa mwendo wake. Barua ya askari aliye mpakani haiandikwi kama taarifa ya zamu. Taarifa ya zamu haiandikwi kama hotuba ya arusi. Wala hotuba ya arusi haiandikwi kama insha ya mtihani. Jambo hili kila mtu hulikubali lisemwapo, lakini wengi hulisahau washikapo kalamu.

Katika kambi za jeshi na vituo vya polisi wamo askari wengi, pamoja na wake na watoto wao, wanaosoma baada ya kazi. Huyu anatafuta cheti cha ualimu, yule stashahada ya utawala, mwingine shahada ya sheria. Baadhi yao wameandika kwa miaka mingi, tena wameandika vizuri, hata majirani huwaendea wawaandikie barua za maombi. Hata hivyo, insha yao ya kwanza chuoni hurudi imejaa wino mwekundu. Hapo mtu huanza kujishuku, akadhani kwamba kichwa chake kimezeeka. Kumbe kichwa hakina kosa. Kasoro ni kwamba hakuna aliyemweleza mapema maandishi ya kisomi yanadai nini ambacho maandishi mengine hayadai.

Wino mwekundu

Na uchukuliwe mfano wa binti wa sajini wa polisi, aliye mwaka wa pili katika chuo cha wauguzi. Amepewa kazi ya kuandika insha juu ya ugonjwa wa kuhara kwa watoto wa askari. Naye, kwa kuwa alizaliwa na kulelewa katika nyumba hizo hizo, haoni haja ya kuuliza mtu. Anaandika usiku mmoja: "Watoto wengi katika kambi yetu huugua kuhara kwa sababu maji hayatunzwi vizuri. Kila mama anajua jambo hili, na hali inazidi kuwa mbaya."

Baada ya wiki moja karatasi inarudi. Pembeni mwa mistari hiyo mkufunzi ameandika: "Wengi ni wangapi? Uliwauliza kina mama wote? Imezidi kuwa mbaya tangu lini? Na watoto wasiougua, maji yao yanatunzwaje?" Chini kabisa: alama 8 kati ya 20.

Binti analia. Baba yake, aliyerudi alfajiri kutoka zamu ya usiku, anaichukua ile karatasi, anaisoma mara mbili, kisha anacheka taratibu.

"Mama," anasema, maana ndivyo amwitavyo bintiye tangu utotoni, "mkufunzi huyu hakukuchukia. Maswali haya ndiyo aliyoniuliza inspekta wangu nilipokuwa kurutu. Niliandika kwamba duka limevunjwa na wezi wengi usiku wa manane. Akaniuliza: Wengi ni wangapi? Uliwaona? Usiku wa manane ni saa ngapi? Nikamjibu, Afande, sikuwaona, niliambiwa na mlinzi. Akasema, basi andika kwamba uliambiwa na mlinzi."

"Lakini baba, hii ni insha ya chuo, si kitabu cha matukio cha polisi."

"Najua, mwanangu. Jina ni jingine, adabu ni ile ile. Tena litazame hili swali la mwisho. Duka lililovunjwa lilikuwa na mlango wa mbao, nikataka kusema mlango wa mbao ndio sababu. Inspekta akanituma nikatazame maduka yasiyovunjwa. Nikakuta mengi yao nayo yana milango ya mbao."

Binti anachukua daftari, anatembea nyumba kwa nyumba. Tuseme anafika katika nyumba 24. Katika nyumba 9 yupo mtoto aliyehara mwezi uliopita, na katika 7 kati ya hizo maji ya kunywa yanakaa katika chombo kisicho na kifuniko. Hapo moyo unamruka: hoja yake imesimama! Lakini anakumbuka maneno ya baba yake, anazihesabu pia zile nyumba 15 zisizokuwa na mgonjwa. Anakuta kwamba 10 kati yao nazo zina vyombo visivyo na vifuniko. Tofauti ipo, ila ni ndogo, na nyumba zenyewe ni chache. Basi insha yake ya pili haisemi tena kwamba sababu ni maji. Inasema alitembelea nyumba ngapi, lini, aliuliza nini, alipata nini, na kwamba kwa hesabu ile haiwezekani kukata shauri; yafaa zichunguzwe nyumba nyingi zaidi, na yatazamwe mambo mengine kama vyoo na unawaji wa mikono. Madai yake yamepungua, na alama zake zimepanda. Jambo hili huwashangaza wanafunzi wengi: katika usomi, mtu hupata heshima kwa kudai kile tu anachoweza kukithibitisha.

Swali la mama mmoja

Hadithi ya binti huyu haiishi hapo. Mwenyekiti wa kikundi cha wake wa askari anasikia habari za insha, anamwalika aisome mkutanoni. Binti anasimama na kuisoma yote, pamoja na hesabu zake na tahadhari zake. Kina mama wanasikiliza kwa adabu. Wawili watatu wanasinzia. Amalizapo, mama mmoja aliyempakata mtoto anainua mkono.

"Binti yangu, tumesikia, na Mungu akubariki kwa kusoma. Lakini huyu mwanangu anahara tangu jana. Nimfanyie nini?"

Katika kurasa zote zile hamna jibu. Insha haina kosa hata moja, wala haimfai mama yule hata kidogo. Jioni ile ile binti anaketi kuandika mara ya tatu, karatasi moja tu, kwa herufi kubwa:

"Mtoto akihara, mwili wake unapoteza maji na chumvi. Mrudishie mapema. Tumia pakiti ya dawa ya maji na chumvi itolewayo kituo cha afya. Kama huna pakiti, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vilivyosawazishwa, visivyojaa kilima. Koroga mpaka viyeyuke. Mnyweshe kidogo kidogo kila ahaarapo. Usimwachishe ziwa, wala usimnyime chakula. Mpeleke hospitali bila kungoja ukiona macho yameingia ndani, au choo kina damu, au anatapika kila kitu, au amelegea hata hawezi kunywa."

Karatasi hiyo haina hesabu ya nyumba, haitaji mtaalamu yeyote, wala haina neno "huenda". Mkufunzi akipewa kama insha, ataipa sifuri. Lakini ikibandikwa katika ukuta wa zahanati, yaweza kuokoa mtoto.

Deni la njia na deni la tendo

Mwandishi ni yule yule, jambo ni lile lile, naye ameandika mara tatu. Insha ya kwanza ilikosa kwa sababu haikulipa deni la upande wowote: haikumwonyesha msomi ushahidi, wala haikumwonyesha mama la kufanya. Ya pili ililipa deni la msomi, na ya tatu deni la mama.

Msomaji wa maandishi ya kisomi anadai aonyeshwe njia. Yeye haridhiki kuambiwa kwamba mwandishi amefika. Anataka kujua alipitia wapi, ili akitaka aifuate njia ile mwenyewe, na akikuta shimo amrudishe mwandishi nyuma. Kwa hiyo maandishi hayo hutaja nani alisema nini na lini, vitu vilihesabiwaje, nini hakikuhesabiwa, na ni wapi shaka imebaki. Yote hayo humsaidia msomaji kupinga. Na mwandishi anayempa msomaji silaha ya kumpinga ndiye anayeaminiwa.

Msomaji wa maandishi mengine, yaani barua, tangazo, hotuba au ukurasa wa nyumbani kama huu, anadai jambo lenyewe. Anataka kujua la kufanya, au kufarijika, au kupata habari, au kuonywa. Hana wakati wa kuzunguka njia yote. Amemwamini mwandishi aende kwa niaba yake na kumletea kilichopatikana. Deni hili si dogo kuliko lile la kwanza, maana mama aliyempakata mtoto hana nafasi ya kupima. Akipewa kipimo kibaya cha chumvi, atakitumia hivyo hivyo.

Habari ya Mulago

Anayetaka kuona madeni haya mawili yakilipwa kwa pamoja na aitazame habari ya daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa mtumishi wa serikali katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mtu huyu aliwahi kuwa askari: wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari wa jeshi la Uingereza, na sehemu ya utumishi wake ilikuwa Afrika Mashariki. Alikuja kufanya kazi Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira kabla ya kuhamia Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona jambo kama lile. Baada ya muda mfupi, akiwa katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake, uso umevimba vivyo hivyo. Alipompima akakuta uvimbe mwingine tumboni.

Mtu mwingine angemwandikia rafiki yake barua: "Nimeona ajabu mara mbili." Barua hiyo ingekuwa ya kweli na ya kupendeza, lakini isingemwezesha mtu yeyote kujua kama ni ajabu au ni bahati tu. Burkitt alirudi Mulago, akafungua majalada ya wagonjwa, akatafuta watoto wenye uvimbe wa namna ile, akawatazama wapya kila walipoletwa. Mwaka 1958 alichapisha makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza liitwalo British Journal of Surgery, akieleza habari za watoto 38: umri wao, mahali pa uvimbe, na mwisho wao. Ajabu sasa ilikuwa imegeuka kuwa jambo ambalo daktari wa nchi yoyote angeweza kulichunguza. Hata hivyo makala ile haikuwashtua wengi mwanzoni.

Ndipo Burkitt alipotumia aina ya pili ya maandishi. Alitaka kujua ugonjwa ule uko wapi Afrika na haupo wapi. Waliojua walikuwa madaktari wa hospitali za serikali na za misheni, watu wenye foleni ya wagonjwa mlangoni tangu asubuhi. Asingeweza kuwapelekea makala ndefu na kungoja majibu. Aliwapelekea karatasi fupi yenye picha za watoto waliougua na swali jepesi: Je, umepata kuuona ugonjwa huu huko uliko? Majibu yaliporudi alichomeka pini katika ramani ukutani. Pini zikafanya mkanda mpana ukatao Afrika katikati, wenye mkia unaoshuka upande wa mashariki hadi Msumbiji.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, waliingia katika gari kuukuu aina ya Ford, wakasafiri kwa wiki kumi mwendo wa maili 10,000, yaani kama kilomita 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi. Walizuru hospitali kama 60, wakiuliza swali lile lile na kutazama kumbukumbu. Waligundua kwamba karibu na ikweta ugonjwa ule ulikuwa nadra mahali penye kimo cha zaidi ya futi 5,000, na kwamba kadiri walivyoshuka kusini ndivyo mpaka huo wa kimo ulivyoshuka nao.

Makosa yaliyosaidia

Lililo la kufaa zaidi kwa mwanafunzi wa uandishi ni kwamba makala za Burkitt zilikuwa na makosa, na makosa hayo yaligunduliwa kwa sababu aliiacha njia yake wazi.

Kwanza, katika makala ya 1958 uvimbe ule aliuita sarkoma, yaani saratani ya nyama na mifupa inayoushika mwili. Wataalamu waliopima vipande vya uvimbe kwa hadubini hapo Kampala, hasa Gregory O'Conor na Jack Davies, walionyesha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya chembe zinazoulinda mwili dhidi ya maradhi. Mwaka 1961 Burkitt na O'Conor waliandika makala pamoja, jina likarekebishwa. Aliyesahihishwa na aliyemsahihisha walitia sahihi karatasi moja.

Pili, ilidhaniwa kwamba kimo cha nchi ndicho kilichouzuia ugonjwa. Mtaalamu Alexander Haddow, wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alitambua kwamba jambo lenyewe si kimo bali baridi: milima ya ikweta na nyanda za chini za kusini zinafanana kwa baridi ya majira. Tatu, kwa kuwa ugonjwa ulifuata joto na mvua, ilidhaniwa kwamba huenda unaletwa na virusi vinavyobebwa na mbu. Mwaka 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo mtafiti Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza katika jarida la Lancet kwamba wameona virusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Lakini virusi hivyo havibebwi na mbu. Huenea kwa mate, na watu wengi duniani wanavyo bila kuugua. Mchango wa mbu ni malaria, ambayo ikimrudia mtoto mara kwa mara huudhoofisha ulinzi wa mwili wake na kuipa saratani nafasi.

Dhana ya mbu ilikuwa na ukweli nusu. Kama Burkitt angeandika "ugonjwa huu unaletwa na mbu" na kufunga kitabu, nusu ile ya uongo ingebaki pamoja na nusu ya ukweli. Kwa kuwa iliandikwa kama dhana, wengine waliweza kuipima na kuipasua mbili. Ndiyo maana msomi huchagua kwa makini kati ya "imethibitika", "inaelekea" na "huenda". Maneno hayo ni vipimo vyake, kama vile mizani ilivyo na kilo, nusu na robo.

Afisa wa jeshi atasema kwamba amri haina "huenda", naye atakuwa amesema kweli. Amri iliyojaa shaka huua watu. Lakini afisa huyo huyo, mpelelezi wake arudipo usiku, hataki kusikia "magari ni mengi". Anataka kusikia: "Nimeona magari matatu kwa macho yangu; mwanakijiji ameniambia yako kumi, ila yeye hakuyahesabu." Taarifa ya upelelezi na makala ya kisomi ni ndugu wa tumbo moja. Amri ya asubuhi ni ndugu wa tangazo la zahanati.

Daftari la kila siku

Kuna aina ya tatu ya maandishi ambayo hudharauliwa na wasomi na wasio wasomi, nayo ni kumbukumbu za kila siku. Huko West Nile, katika hospitali ndogo ya misheni ya Kuluva karibu na Arua, Edward Williams, yule aliyesafiri na Burkitt, pamoja na ndugu yake Peter, waliandika kwa uangalifu habari za wagonjwa wao mwaka baada ya mwaka. Hawakuwa wakiandika makala. Walikuwa wakijaza madaftari. Lakini kwa kuwa madaftari yale yalisema kweli mtoto fulani ametoka kijiji gani na ameanza kuugua lini, mwaka 1967 yalitumika katika makala iliyochapishwa London, ikionyesha kwamba wagonjwa wa West Nile walitokea kwa mafungu, mahali pamoja na wakati mmoja.

Hata baba yake Burkitt, huko Ireland, alikuwa mhandisi wa barabara, wala hakuwa profesa. Lakini kwa mapenzi yake tu alichora ramani za ndege wadogo waliokaa karibu na nyumba yake, akaandika makala ambazo wataalamu wa ndege walizithamini. Koplo anayejaza kitabu cha matukio kwa saa na dakika asidhani kwamba kazi yake haihusiani na elimu. Daftari lililojazwa kwa uongo haliwezi kumfaa msomi wala hakimu.

Maneno magumu hayaleti elimu

Wako wanaodhani kwamba tofauti ya maandishi haya ni ugumu wa maneno. Basi mwanafunzi akiandika insha huanza kutafuta maneno mazito, akarefusha sentensi mpaka kiima kisahauliwe, akachomeka maneno ya kigeni ili aonekane amesoma. Hilo ni kosa. Neno la kitaalamu lina haki ya kuwapo pale tu linapopunguza shaka. Kusema "limfoma" mbele ya madaktari kuna faida, kwa sababu hutenganisha ugonjwa mmoja na mwingine. Kusema "limfoma" mbele ya mama mwenye mtoto aliyevimba taya hakuna faida. Yeye aambiwe kwamba uvimbe huu hukua upesi sana, hata kwa siku chache, kwamba dawa ipo nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa mapema, na kwamba asipoteze wiki kwa kuupaka majani. Dawa hizo zilianza kutumika Kampala katika miaka ya 1960, na mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu ugonjwa huo, ambacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Wala isidhaniwe kwamba usomi hukaa katika lugha moja tu. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970, na tangu hapo tasnifu nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili, zenye hoja, ushahidi na tanbihi kamili. Hapa Uganda, ambako majeshi na polisi wamekitumia Kiswahili kwa vizazi kadhaa, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Askari anayejua kuandika taarifa safi kwa Kiswahili tayari ameshika nusu ya kazi ya msomi. Iliyobaki ni kuonyesha ushahidi wake ulikotoka.

Juu ya neno "mimi", walimu hawakubaliani. Wengine hulikataza kabisa katika insha, wengine huliruhusu. Lililo muhimu ni kuelewa sababu ya katazo. Uchungu alionao mwandishi ni wa kweli, na katika barua au hotuba una nafasi yake ya heshima. Lakini uchungu hauthibitishi chanzo cha ugonjwa. "Mimi nilihesabu nyumba 24" ni ushahidi. "Mimi nimehuzunika sana" ni barua.

Yaliyo haramu pande zote

Yapo mambo mawili yasiyobadilika, mtu aandike wapi na kwa nani. La kwanza ni uongo. Maandishi ya nyumbani yana ruhusa ya kuacha mengi, ila hayana ruhusa ya kusema lisilo kweli kwa kisingizio kwamba wasomaji hawatapima. La pili ni wizi. Katika insha, kuchukua maneno au wazo la mwingine bila kumtaja ni kosa liwezalo kumfukuzisha mtu chuoni, kwa sababu linakata njia ambayo msomaji alitaka kuifuata. Katika barua na matangazo hapana desturi ya kutaja kila chanzo, lakini hata hapo anayejisifu kwa lililobuniwa na mwenzake ni mwizi tu.

Basi yeyote anayetaka kuandika, awe kurutu au kanali, mama wa nyumbani au mwanafunzi, na ajiulize mambo matatu kabla ya kuanza. Atakayesoma ni nani? Baada ya kusoma, anataka kupima au anataka kutenda? Na akiuliza "umejuaje?", jibu langu liko wapi: katika ukurasa wenyewe, au angalau katika daftari langu? Swali la tatu linawahusu wote, hata yule anayeandika karatasi moja ya ukutani. Binti wa sajini hakukitia katika tangazo lake chanzo cha kipimo cha sukari na chumvi. Lakini kabla ya kuandika "nusu ya kijiko" alifungua kitabu chake cha chuo na kuhakikisha mara mbili, kwa kuwa alijua kwamba mama yule hatauliza.